Barakoa Iliyoajiri Mtaa Mzima

Uongo ni kazi, na kazi yoyote inataka heshima. Mimi nimeifanya tangu meno yangu yakiwa ya maziwa, na sasa yamebaki mawili matatu ya kupokezana zamu, bado naifanya. Nimewaambia watu kwamba marehemu mume wangu alikuwa mrefu hata akipiga chafya ndege wanahama. Nimewaambia kwamba niliwahi kuizomea radi ikarudi mawinguni kwa aibu. Hakuna aliyeumia. Wa kucheka alicheka, wa kununa alikwenda zake. Lakini upo uongo mwingine, wa watu waliosoma, uongo unaovaa tai na kupiga picha, na huo ukiupita karibu unaziba pua. Habari ya mkazamwanangu ni ya uongo huo. Sijaitia chumvi. Na pale nilipotia mtaonja wenyewe, chumvi haijifichi.

Huyu mkazamwanangu mtaa mzima unamwita Cheche. Ameolewa na mwanangu wa kwanza, dereva wa lori, ambaye lori limemzoea kuliko mke. Huja, hula, hulala, hulalamikia mgongo, huondoka. Cheche amebaki nami katika vyumba viwili vya bati, na watoto wawili wanaokula kama siafu, na amebaki bila kununa, jambo ambalo mimi katika ujana wangu nisingeliweza hata kwa kufungwa kamba.

Alikuwa kibarua kwenye majengo, wa kubeba mchanga na zege. Sasa kule saitini kuna sheria moja tu. Mwenye ufundi huitwa fundi. Asiye nao huitwa "wewe." Wewe, lete maji. Wewe, sogeza kokoto. Wewe, hujasikia? Jioni Cheche alirudi nyumbani, akakaa kizingitini kuchokoa saruji kwenye nyufa za visigino, akaniambia, "Mama, leo nimeitwa wewe mpaka nimesahau jina."

"Shukuru," nikamwambia. "Mimi baba mkwe wangu aliniita 'hicho kitu' hadi anaingia kaburini."

Akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kutoka tumboni. Mtu aliyemtia wivu pale saitini si mwenye nyumba wala mhandisi mwenye kofia safi. Ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alinisimulia habari zake mara nyingi hata nikahisi nimeolewa naye. Anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anainamia geti, na kabla ya kuwasha moto anasema neno moja tu, "Macho!" Basi watu wazima wote, hata msimamizi mwenye kitambi, wanageukia ukutani kama watoto walioadhibiwa. "Mama," Cheche akasema, "mtu akisema neno moja na watu wote wakageuka, huyo si ni mfalme?"

Ndipo serikali ikatangaza mafunzo ya bure kwa watu wazima. Ushonaji, ususi, umeme wa majumbani, uchomeleaji. Cheche akawa wa kwanza kwenye foleni ya uchomeleaji, na alipoulizwa kama haogopi moto akajibu kwamba moto ndio umuogope yeye. Hapo ndipo jina la Cheche lilipotokea.

Mafunzo yenyewe sasa. Kituo kilikuwa nyuma ya ofisi za serikali, banda refu lenye harufu ya popo. Mashine ilikuwa moja na wanafunzi walikuwa wengi kama nzi kwenye papai bovu. Siku umeme ukiwepo, mashine inaumwa. Siku mashine nzima, umeme umekwenda kutembea. Vijiti vya kuchomelea viligawanywa kama dawa ya mtoto mchanga. Kwa hiyo mwalimu akachora moto ubaoni kwa chaki, na wanafunzi wakaunakili daftarini kwa kalamu ya wino, na huo ndio moto walioufahamu zaidi.

Mwisho wa mafunzo kila mmoja alipewa nafasi ya kuunganisha vipande viwili vya chuma. Cheche alivileta nyumbani vimefungwa kwenye kitambaa safi kama mtoto wa siku moja. Nikavisifu. Nikaviweka mlangoni kuzuia mlango usijifunge. Upepo wa kwanza uliopiga, kipande kimoja kikabaki, kingine kikaenda zake uvunguni. Vilikuwa vimeshikana kwa heshima tu.

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Halafu mwenzangu akakiokota kile kipande uvunguni. "Mama, mimi si fundi. Mimi ni mtu aliyewahi kuona moto."

Alichokuwa anakisubiri ni hatua ya pili. Hatua ya pili ilikuwa kwenye karakana kubwa ya mjini, kila mtu na mashine yake, kila mtu na vijiti vyake, chini ya mafundi wa kweli wenye makovu mikononi. Walioahidiwa nafasi hizo ni waliomaliza hatua ya kwanza na bado hawajapata kazi. Cheche aliisubiri kama mgonjwa anavyosubiri jina lake liitwe dirishani. Akaendelea kubeba mchanga, lakini sasa akiubeba kama mtu aliye safarini.

Serikali kwa upande wake haikuwa mjinga kabisa. Iliwaambia wenye kituo: msituonyeshe vyeti, vyeti hata mbuzi anakula. Tuonyesheni watu wenu wako kazini. Kituo ambacho watu wake hawana kazi tutakifunga. Kwa ajili hiyo kituo kikaajiri mtu wa kuwafuata wahitimu huko waliko, kuona kila mmoja amefikia wapi. Mfuatiliaji, ndivyo alivyoitwa. Kazi nzuri hiyo, na laiti ningekuwa na magoti ningeiomba, maana kufuatilia mambo ya watu nimekufanya bure maisha yangu yote.

Aliyepewa kazi hiyo ni mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, niliyemfuta kamasi kwa upindo wa nguo yangu mwenyewe. Mtaani anaitwa Tabasamu, kwa sababu kila anapoinua simu kupiga picha husema "tabasamu!" hata msibani. Kijana hakuanza vibaya. Aliwafuata wahitimu kweli kweli. Akawakuta wanabeba mchanga, wanauza vitunguu, wanalala mchana. Akarudi kwa mkuu wa kituo akamwambia alichokiona. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akasema, "Hukuwaangalia vizuri."

Haya alinisimulia mwenyewe, akicheka, akila chakula changu. Na alipotumwa mara ya pili, akaelewa kwamba kazi ya mfuatiliaji si kufuata bali kutangulia. Akaacha kuwatafuta watu kwenye kazi zao. Akaanza kuwapelekea kazi majumbani, ya kutosha picha moja.

Siku aliyofika kwetu nilikuwa nachambua mchele uani. Nikamwona anasukuma mkokoteni, tai imehamia begani, jasho linamtoka hadi kwenye viwiko. Juu ya mkokoteni kitu kimefunikwa turubai.

"Hodi, shangazi!"

"Karibu. Umebeba maiti ya nani?"

"Si maiti, shangazi. Ni ajira."

Akafunua turubai. Ilikuwa ile mashine moja ya kituo. Ilikuwa imeshatembea nyumba nyingi hata mbwa wa mtaa hawakuibwekea tena. Mmoja alisimama akaipisha kama mgeni wa heshima. Juu yake kulikuwa na aproni ya ngozi, na juu ya aproni, barakoa ya kuchomelea, ile ya kufunika uso wote, yenye kioo cheusi.

Cheche akatoka ndani, mikono ina povu la sabuni. "Shemeji, kuna nini?"

"Leo unapata kazi, shemeji. Vaa hii, shika hii, inama kidogo kama unachomelea."

"Halafu?"

"Halafu basi. Umeajiriwa."

Cheche akafuta mikono taratibu. Yeye si mtu wa kukurupuka. "Nikionekana nina kazi, hatua ya pili je? Wananichukua?"

"Watakuchukua mbele ya wote! Wanatafuta wachapakazi. Nani amchukue mtu anayekaa nyumbani?"

Kama alijua kwamba anadanganya, mimi sijui. Nadhani hakuwa ameuliza kwa mtu, na mtu asiyeuliza huwa hasemi uongo, anasema tu. Cheche akaniangalia. Mimi nikaangalia mchele.

Akaivaa aproni. Akaishusha barakoa usoni. Mara nikaona mabega yamepanda, shingo imerudi nyuma kama kobe, na sauti ikatoka mle ndani kama ya mtu aliye kisimani. "Mama, humu ndani kuna watu."

Nikainuka, nikaichukua, nikachungulia. Afadhali ningechungulia choo. Sponji ya kwenye paji la uso ilikuwa imelowa jasho la watu likakauka likalowa tena, rangi imekuwa kama ya ini lililosahaulika. Pembeni palikuwa na alama ya rangi ya midomo, nyekundu, ya yule msusi wa kona aliyesoma uchomeleaji pamoja na Cheche. Kulikuwa na pumzi ya muuza vitunguu, hiyo haikuhitaji kuonwa. Kulikuwa na unywele. Kulikuwa na kitu cha manjano karibu na kioo ambacho sikukiuliza jina. Nzi aliingia akatoka anapepesuka. Kuku wangu mwekundu alichungulia mara moja tu, na tangu siku ile hajataga.

"Hii mmeiosha lini?" nikauliza.

"Shangazi, hiki ni kifaa cha serikali, hakioshwi ovyo."

"Na waya je?"

"Waya upi?"

"Mashine haijachomekwa popote. Waya umejikunja pale kama nyoka aliyeshiba. Hapa kwetu umeme wenyewe unawasha taa moja kwa kunung'unika. Mtu anachomelea kwa nini, kwa dua?"

Tabasamu akacheka, akaulaza waya nyuma ya ndoo. "Kwenye picha umeme hauonekani, shangazi."

Nikaziba pua kwa upindo wa nguo. Si kwa sababu ni uongo. Ningekuwa naugua kwa uongo ningekufa nikiwa mwari. Ni ule uzembe wake. Hata mwongo anaupiga pasi uongo wake kabla ya kuuvaa. Huu ulikuja na makunyanzi, umenuka, umebebwa kwa mkokoteni mchana kweupe, na bado ulijua utapokelewa. Cheche akashusha barakoa tena, akaziba pumzi, akainama. "Tabasamu!" akasema mpwa wangu, kwa mtu ambaye uso wake hauonekani.

Haikupita wiki, macho ya Cheche yakavimba. Asubuhi kope zilikuwa zimegandana kwa tongotongo hata nikazifungua kwa maji ya moto na subira. Yakawa mekundu kama nyanya iliyokanyagwa. Tukaenda zahanati nikimshika mkono, na kule benchini tukamkuta msusi, macho hayohayo. Muuza vitunguu, hayohayo. Na wengine na wengine, wote wanachuruzika, wote wanajipangusa. Nesi akatutazama akashika kiuno.

"Nyie mmekula wapi pamoja?"

"Hatujala pamoja," nikamjibu. "Wameajiriwa pamoja."

Hakuelewa. Akatoa dawa ya matone. Lakini mimi nikahesabu nyuso kwenye lile benchi nikaona kwamba ugonjwa ule umefanya kazi ya mpwa wangu kumshinda mwenyewe. Umewafuata wahitimu wote hadi mlangoni, haukumkosa hata mmoja, na haukumsingizia mtu.

Matone yalikuwa hayajaisha ilipotangazwa hatua ya pili. Cheche akaenda kujiandikisha na kitambaa cha kufutia macho mkononi. Nikaenda naye, maana alikuwa anaona nguzo mbili penye moja. Karani alikuwa dada mmoja mwenye kucha ndefu, akaandika jina, akangoja kompyuta ifikiri.

"Wewe huwezi. Wewe una kazi."

"Sina kazi."

"Unayo. Una karakana yako nyumbani." Akageuza kioo cha kompyuta. "Huyu si wewe?"

Cheche akakisogelea kioo mpaka pua ikagusa. Mtu mwenye aproni, uso mweusi wa barakoa, ameinama. "Ni mimi."

"Unafanya nini hapo?"

"Napigwa picha."

"Dada, mimi sina muda wa mizaha. Hatua ya pili ni ya wasio na kazi. Kompyuta inasema unayo."

"Hiyo kompyuta ilifika kwangu?"

"Usinikoromee. Anayeweza kubadilisha ni mkaguzi kutoka makao makuu. Anakuja wiki ijayo kuwaona wahitimu. Mwambie yeye."

Njiani nilimshika Cheche mkono. Tulipofika penye shimo la maji machafu nikamwambia "ruka," akaruka, na akiwa ng'ambo ndipo aliposema, "Nimejifungia mlango mwenyewe, mama, tena kwa kuinama." Nikatamani nimpate mpwa wangu nimlambishe ile sponji.

Nikampata. Alikuja mwenyewe jioni kabla ya ukaguzi, bila mkokoteni, na tai imenyooka. Alikuja kupanga maneno. Kila mmoja aseme anafanya kazi kwake, wateja wapo, changamoto ni mtaji.

"Mimi nitasema sina kazi," Cheche akamwambia.

"Shemeji! Ukisema huna kazi, mimi nitakuwa sina kazi."

"He!" nikadakia. "Kumbe ya kwako ni ya kweli?"

"Shangazi, usicheke. Kituo kitafungwa. Nina watoto."

"Na mimi nina wangu," Cheche akasema. "Nao wana macho mekundu."

Maana yalikuwa yameshahamia kwa watoto. Tabasamu akawaangalia, akaangalia viatu vyake, akaondoka bila kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine umekifua na kukinyoosha mwenyewe.

Siku ya ukaguzi banda la popo lilipigwa chokaa. Viti vikapangwa. Mashine ikawekwa mbele juu ya meza yenye kitambaa cheupe kama bibi harusi, na barakoa juu yake. Wahitimu wa uchomeleaji wakakaa safu nzima, wote macho mekundu, wote wanachuruzika. Nilikaa pembeni kama kiongozi wa kipofu.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, viatu vya kimya, sauti ya upole. Sikumchukia, na hilo liliniudhi. Akapita mbele ya safu, akasimama, akaweka mkono kifuani.

"Jamani, macho haya!"

Mkuu wa kituo akakohoa. Mpwa wangu akawa rangi ya majivu.

"Nimekagua vituo vingi," mama yule akasema, "watu wananionyesha makaratasi. Lakini mtu wa kuchomelea namjua kwa macho. Mwanga ule unaunguza. Kaka yangu alikuwa fundi, akirudi nyumbani macho ndiyo hayahaya. Hawa wanafanya kazi. Hawa wanafanya kazi mpaka wanaumia!"

Ukumbi ukapiga makofi. Na wale wenye macho wakapiga makofi pia, wakiyafuta. Nimesema uongo miaka yote, nimewalea watoto kwa uongo, lakini sijawahi kuona uongo unatoka usaha na watu wanaushangilia. Mkuu wa kituo, aliyekuwa anakohoa, akajikusanya papo hapo. "Tunawasihi wapumzike, mheshimiwa," akasema, "hawasikii."

Mama mkaguzi akawauliza mmoja mmoja. Msusi akasema wateja wapo, changamoto mtaji. Muuza vitunguu akasema wateja wapo, changamoto mtaji. Cheche alikuwa wa mwisho kwenye safu, nikaona anakunja kitambaa chake cha macho, anajiandaa. Lakini kabla hajafikiwa, yule mama akaingiwa na furaha. Akageukia meza.

"Nami nataka picha na mafundi wangu. Nipeni hiyo barakoa niivae, niwe mmoja wenu!"

Mkuu wa kituo akaichukua kwa mikono miwili akampelekea. Tabasamu simu ameshainua. Nikaangalia ile safu. Wote wanajua. Wote wameshawahi kuwa mle ndani. Hakuna aliyefungua mdomo. Na mimi, niseme kweli, nikasogeza kiti nione vizuri, maana nikajisemea: hii ndiyo ripoti, mwache aivae, aende nayo makao makuu.

Barakoa ilikuwa imefika kwenye kidevu.

"Mama, usivae!"

Ni Cheche. Alikuwa amesimama.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Utaumwa macho. Ndiyo iliyotuumiza sisi."

"Lakini hii ni kinga. Kinga haiumizi."

"Hiyo tumeivaa wote. Mmoja akaugua, tukaugua."

Mama yule akaishusha polepole, akaigeuza, akatazama ndani. Akaona nilichokiona mimi. Uso wake ukakunjamana kama mtu aliyeuma ndimu. "Wote mmevaa hii? Kwani kila mtu kwenye karakana yake hana ya kwake?"

Popo mmoja darini akajigeuza, tukamsikia.

"Hakuna karakana," Cheche akasema. "Kuna hiyo, na hiyo mashine, na picha. Mimi nabeba mchanga. Sina kazi ya kuchomelea, sijui kuchomelea, nataka kufundishwa. Niandike hivyo, mama, ili nichukuliwe hatua ya pili. Sitaki kingine."

Sasa ninyi mnadhani hapo ndipo haki iliposhuka. Nami ningeweza kuwateremshia haki hapa, na tarumbeta, na mkuu wa kituo anakimbizwa na kuku. Haikuwa hivyo. Mama mkaguzi aliweka barakoa mezani, akaomba maji ya kunawa. Akanawa. Akaomba sabuni, akanawa tena. Kisha akamwita Cheche nje kwenye ukuta, nami nikafuata kwa sababu siku ile macho yake yalikuwa mimi.

"Umeniokoa," akamwambia, "na nakushukuru. Lakini nikikuandika wewe huna kazi, itabidi niwaandike wote. Na nikiwaandika wote, kituo kinafungwa, na mimi naulizwa mwaka mzima nilikuwa nakagua nini. Unanielewa?"

"Nakuelewa," Cheche akasema.

"Nitafanya ninachoweza."

Alichokiweza tulikiona baada ya muda. Kwenye kompyuta, Cheche na wenzake walihamishwa kutoka "wako kazini" wakawekwa "wameumia kazini." Na mtu hawezi kuumia kazini bila kazi, kwa hiyo hatua ya pili wakaenda watu wengine, sijui wa wapi, wenye macho meupe. Kisha serikali, kwa huruma ya macho yale, ikanunua barakoa mpya, kila mhitimu na yake. Zikaja kwenye maboksi. Mashine hazikuja. Mpwa wangu ndiye aliyezigawa, na akapandishwa cheo, kwa sababu ufuatiliaji wake ulikuwa umegundua tatizo la kiafya.

Msusi aliigeuza ya kwake kuwa chombo cha kuwekea vibanio. Muuza vitunguu akapandia ua. Cheche aliitundika ukutani, akaitazama kwa muda. Kisha asubuhi moja akaifunga kwenye kitambaa kilekile safi akaenda nayo saitini.

Yule mfalme wa ndoo, kumbe, miaka yote alikuwa anachomelea kwa miwani ya jua iliyopasuka kioo kimoja. Alipoiona barakoa akasahau adabu.

"Wewe, niazime hiyo."

"Haiazimwi," Cheche akamjibu.

"Nitakulipa."

"Haikodishwi. Barakoa inavaliwa na uso mmoja. Nimeapa."

"Sasa umeileta hapa ya nini, kututambia?"

"Nimekuja nayo nikae karibu na moto. Wewe chomelea na miwani yako. Macho yako yakichoka, nionyeshe pa kupita, nipite mimi."

Fundi akacheka akatema mate. Siku nzima akamwacha abebe mchanga. Siku iliyofuata vilevile, na barakoa imefungwa mgongoni kama mtoto. Lakini mtu aliyechomelea kwa miwani miaka mingi macho yake hayaishi mchanga, na mchana jua likiwa kali yalikuwa yanamtoka machozi bila kilio. Mchana mmoja akainuka juu ya ndoo, akaisukuma kwa mguu kuelekea kwa Cheche.

"Kaa. Usiharakishe mkono. Ukiona chuma kinatoboka ni wewe umekosea, si chuma."

Cheche alitoboa vyuma vingi. Alirudi nyumbani ameungua vidole, shati lina matundu kama chekeche, na mimi nikamwambia kwamba marehemu mume wangu aliwahi kutobolewa na radi matundu zaidi ya hayo na bado alishika maji. Alicheka kicheko cha tumboni.

Muda ukapita. Siku moja nilimpelekea chakula kwenye jengo la ghorofa pale barabarani, nikamkuta amekaa juu ya ndoo, ameinamia geti kubwa. Akasema, "Macho!" Nikageukia ukutani. Wote tukageuka, hata msimamizi. Niligeuka mpole kama kondoo, mimi niliyeizomea radi.

Na hapohapo nani akatokea, na simu mkononi na tai mpya? Mkuu wa ufuatiliaji. Alikuwa anapita tu kwenda kuangalia wahitimu wa ushonaji. Akasimama, akamtambua shemeji yake kwa aproni.

"Shangazi, huyu ni Cheche? Anachomelea kweli?"

"Angalia waya," nikamwambia.

Akaangalia. Waya umenyooka mpaka kwenye soketi, na umeme unaunguruma. Nikamwambia, "Haya, piga picha. Piga hata mbili. Leo pana kitu cha kupiga."

Akainua simu. Akamtazama Cheche ameinama, aproni, barakoa nyeusi usoni. Akaishusha.

"Ya nini, shangazi? Hii picha tunayo."

Mate yalinijaa mdomoni kama mjamzito. Nikayatema kando, mbali na kazi ya mwanangu.

Cheche akazima moto. Hakuinua barakoa. "Wewe," akamwambia, "umenikanyagia waya."

Mpwa wangu akaruka pembeni. "Samahani, fundi," akasema, akaenda zake kutafuta wahitimu.